Kabla ya Kutoa Dola: Kompyuta ya Okazi na Windows 11 Hapa Lubumbashi

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10, watu wanaoingia kibandani kwangu hawaulizi tena bei ya fotokopi peke yake. Mwanafunzi analeta TFC yake, kazi ya kumalizia masomo, ichapishwe, anasubiri kurasa zitoke, halafu ananiita mkubwa wake na kuulizia kompyuta iliyokwisha kutumika: "Yaya, niko natafuta ordinatere ya okazi. Nichukue ya namna gani?" Ninamjibu kwamba aache kwanza kuangalia ganda, aangalie kizazi cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa sababu hicho ndicho kitakachoamua mashine ipokee mfumo gani na kwa miaka mingapi. Nimeona niliandike jambo hili kwa kirefu. Watu wanatoa dola mia mbili walizokusanya kwa miezi, na dola hizo zikishatoka hazirudi.

Ninapiga chapa, ninatoa fotokopi na kuchapisha kwenye njia ya Kasapa, inakopita nusu ya wanafunzi wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa imenitumikia vizuri, lakini delestaji, yaani mgao wa umeme, iliimaliza: umeme ukikatika katikati ya kazi na kurudi kwa nguvu, siku moja sehemu ya ndani inaungua. Nilitaka laptop, mashine yenye betri yake, ili umeme ukiondoka mteja asipoteze aya aliyonisomea sasa hivi.

Tena kazi yangu yote inapita kwenye flashi za watu. Kila flashi inayoingia mlangoni imeshatembea: imechomekwa kwenye sayba ya intaneti ya komini yetu ya Kenya, kwenye kompyuta ya ofisi huko mjini, kwa binamu wa Kasumbalesa mpakani. Mwenye flashi anaifungua mbele yangu na kukuta kirusi kimegeuza kila folda kuwa njia ya mkato ya kilobaiti mbili. Faili zenyewe hazijafutwa, zimefichwa, na mara nyingi amri ya attrib -h -r -s /s /d, ukiiandika ukiwa ndani ya flashi hiyo, inazirudisha zote. Lakini msichana anayetetea TFC yake kesho asubuhi hajui hilo. Nimeona mikono ikitetemeka mezani pangu. Kwa hiyo nikisema kompyuta ya kazi ni lazima iwe na mfumo unaopokea masasisho ya usalama, ninasema nikiwafikiria watu hawa. Windows 10 haikuzimika tarehe ile, inawaka na kuandika kama jana. Ila matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi tena, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, ambayo mtu binafsi anaweza kuipata bure akihifadhi mipangilio ya kompyuta kwenye akaunti yake ya Microsoft, au kwa dola 30. Mwenye mashine ya zamani aichukue nyongeza hiyo. Anayenunua leo asiitegemee.

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na masharti ambayo watu wengi sokoni bado hawajayashika. Inataka RAM ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, TPM 2.0, yaani sehemu inayotunza funguo za siri za mashine, kisha uanzishaji wa aina mpya, UEFI, wenye Secure Boot, ulinzi unaokagua kinachoanzishwa mashine ikiwaka, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, ukiacha chache sana, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8. Kwa AMD inaanzia baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 2000. RAM na diski utaongeza ukipata pesa. Prosesa ya laptop hizi imechomelewa kwenye ubao, utakaa nayo mpaka mwisho.

Kizazi kinasomwa kwenye namba. Core i5-7300U ni kizazi cha 7, Core i5-8350U ni cha 8: angalia tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Kuanzia kizazi cha 10 zinakuwa mbili, kama i5-10210U, na i5-1135G7 ni ya 11. Neno Core i5 peke yake halikuambii umri wa kitu chochote, maana Intel inauza prosesa zenye jina hilo tangu mwaka 2009. Hata hivyo ndilo neno utakaloandikiwa kwenye karatasi ya bei, kwa herufi kubwa.

Siku ya kununua nilikwenda mjini, kwenye duka lisilo mbali na Posta. Laptop zilikuwa zimepangwa mezani, nyingi zikiwa bado na vibandiko vya namba za mali za kampuni zilizozitumia. Ndivyo biashara hii ilivyo: kampuni za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta baada ya miaka mitatu, minne au mitano, za zamani zinakusanywa, zinafutwa, zinasafishwa, zinapimwa, na zile nzuri zinauzwa tena. Nyingi hupitia Dubai kabla ya kutufikia. Mimi sina shaka na mashine za aina hiyo. Laptop ya ofisi iliyotengenezwa kudumu, hata ikiwa na miaka sita, ninaiamini kuliko mpya ya bei ileile iliyotengenezwa kwa plastiki nyembamba, prosesa dhaifu na RAM isiyoongezeka.

Kijana wa duka alinipokea kwa heshima, akanivutia kiti. Mbele yangu aliweka Dell Latitude mbili za inchi 14, nyeusi, zenye kona zilezile na kibodi ileile. Moja ilikuwa 7480, nyingine 7490. Kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Bei zake zilipishana dola ishirini.

"Yaya, chukua hii ya bei ya chini," akaniambia, akionyesha 7480. "Iko nguvu. Ni Core i5, na Windows 11 imo tayari."

Niliiwasha. Kweli, Windows 11 ilikuwamo, menyu katikati, kila kitu kinang'aa. Nikaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, hadi ukurasa wa mwisho unaotaja mashine yenyewe. Prosesa: i5-7300U. Kizazi cha 7.

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Windows 11 inaweza kuwekwa kwenye mashine isiyokubaliwa. Programu ya Rufus, ile ya kutengenezea flashi ya kusakinishia, ina kisanduku cha kuondoa ukaguzi wa TPM, Secure Boot na RAM, na kwenye kukagua prosesa pia kuna njia za kupita. Mashine itawaka na itafanya kazi. Lakini Microsoft inasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe. Kila toleo la Home au Pro linahudumiwa kwa miezi 24, kisha linaachwa, na wewe mwenye mashine itabidi urudie ujanja uleule, kwa faili ileile ya gigabaiti nyingi, kwa data unayolipia mwenyewe. Mwanafunzi aliyeuziwa kwa maneno "Windows 11 imo" hajui kwamba ameanza kuhesabiwa muda. Sikumlaumu yule kijana, aliipokea mashine ikiwa hivyo. Nilimwonyesha namba ilipo na maana yake, akachukua simu akaipiga picha.

Kati ya 7300U na 8350U kuna jambo jingine. Ya kwanza ina viini viwili vya kufanyia kazi, ya pili ina vinne. Katika mashine za daraja hili, Intel iliongeza viini maradufu kwenye kizazi hichohicho cha 8. Ukifungua tasnifu ya kurasa mia moja na ishirini yenye picha, Excel kando yake, na kivinjari chenye barua pepe ya mteja, utaiona tofauti hiyo bila kupima chochote. Dola ishirini kwa hayo yote ni bei rahisi.

Basi nikaivuta 7490. Kwanza niliizima, nikaiwasha nikibonya F2 niingie kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka. Mashine za kampuni mara nyingi zilifungwa humo kwa nywila ya msimamizi, na kama imebaki, utaona mipangilio yote lakini hutaweza kubadilisha hata mmoja. Kwa anayetaka kupandisha mfumo hilo linatosha kuiacha mashine mezani. Hii haikuwa na nywila. Kisha nikatafuta Computrace, ulinzi dhidi ya wizi unaokaa ndani ya BIOS: ukiwa umeshawashwa, mnunuzi hawezi kuuzima. Haukuwa umewashwa. Humohumo Dell huonyesha kama adapta imetambuliwa na ni ya wati ngapi, jambo la kuangalia, kwa sababu Dell isipoitambua adapta inaweza kuwaka bila kuchaji betri.

Betri ndiyo niliyoipa muda zaidi. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, nayo Windows itakutengenezea ukurasa wa ripoti. Tafuta mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo ikijaa. Mashine yangu ilionyesha 60,000 mWh juu na kama 45,000 chini, robo tatu. Nikaomba nyingine ya aina hiyohiyo iliyokuwa nyuma ya meza, kwa sababu kioo chake kilikuwa safi zaidi: 60,000 kwa 18,000. Kwa kioo ningeichukua hiyo. Kwa kazi yangu, hapa ambapo umeme ukiondoka hujui utarudi saa ngapi, nilibaki na ile yenye mkwaruzo kwenye kifuniko. Usikubali kuambiwa "betri inashika saa tatu". Hizo saa tatu alizipima nani, na mwanga wa kioo ukiwa kiasi gani? Ripoti inatoka kwa dakika moja, na kijana hakukataa.

Diski niliipima kwa programu ya CrystalDiskInfo niliyokuwa nayo kwenye flashi yangu. SSD, diski isiyozunguka, ya gigabaiti 256, afya nzuri, saa za kuwashwa nyingi lakini za kawaida kwa mashine ya ofisi. Nilibonya kila kitufe ndani ya Notepad, nikafungua ukurasa mweupe mtupu kutafuta madoa kwenye kioo, nikachomeka flashi kwenye kila tundu, nikainua kifuniko kwa kona moja nione bawaba inalia au la. RAM ilikuwa gigabaiti 8 kwenye kijiti kimoja, na tundu la pili li tupu. Hilo nililipenda: baadaye niliongeza nyingine 8, kazi ya bisibisi ndogo na uvumilivu.

Kuna kitu kimoja usichoweza kukigundua mezani kwa urahisi. Baadhi ya mashine za kampuni bado zimesajiliwa kwa mwajiri wa kwanza kwenye seva za Microsoft. Inaonekana safi mpaka siku utakapoweka mfumo upya na kuiunganisha na intaneti. Hapo inakukaribisha kwa jina la kampuni ya mbali na kuomba barua pepe ya mfanyakazi wake, na wewe si mfanyakazi wake. Dawa niliyoiona ni risiti. Tuliandika kwa mkono: aina ya mashine, namba yake ya usajili, na kwamba ikiomba akaunti ya kampuni ndani ya wiki moja inarudishwa. Kijana alisita kidogo, akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi akatia sahihi. Muuzaji anayekataa sentensi hiyo amekupa jibu tayari.

Nililipa dola 230. Hapa kwetu noti ya dola yenye mpasuko wa ukucha inarudishwa bila mjadala, kwa hiyo alizipitia moja moja kwenye mwanga. Nilimwachia nafasi. Mimi nilikuwa nimeipitia mashine yake kwa muda mrefu kuliko hapo.

Adapta ilikuja na waya wa Uingereza, wenye meno matatu bapa. Watu hununua kigeuzi cha bei rahisi, kinalegea ukutani, kinatoa cheche, na baada ya muda adapta inaharibika. Waya huo unachomoka kwenye adapta. Nunua wa meno ya duara, ni faranga chache, na hiki ni kitu cha kufanya siku ileile.

Mashine ilikuwa na Windows 10 Pro, nami nilitaka kuipandisha bila kupoteza leseni. Amri ya slmgr /xpr inaonyesha kama leseni ni ya kudumu. Ukiona tarehe ya kuisha iliyo ndani ya siku 180, kuna uwezekano mkubwa kwamba imewashwa kwa njia ya seva za kampuni, na sokoni hiyo kwa kawaida maana yake ni ya kuibia. Yangu ilikuwa ya kudumu. Mashine za ofisi za miaka ile nyingi zina ufunguo wa Windows ndani ya ubao wenyewe, na kutoka 10 halali kwenda 11 hulipi kitu.

Nikaendesha programu ya Microsoft ya kukagua kama kompyuta inafaa. Ikakataa: Secure Boot haipo. Mtu asiyejua angesema ameuziwa kibovu. Kumbe aliyeweka Windows 10 aliiweka kwa mtindo wa zamani, na diski ikagawanywa kwa jedwali la zamani, MBR. UEFI inataka lile jipya, GPT. Tangu mwaka 2017 Windows 10 inakuja na chombo cha kugeuza bila kufuta data, mbr2gpt. Kwanza hifadhi nakala ya kila kitu nje. Halafu, kwenye dirisha la amri la msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS ikague tu. Ikikubali, badilisha neno la validate kuwa convert. Mpangilio hapa una maana: geuza diski kwanza, kisha ndipo uingie BIOS ubadilishe kuanzisha kuwa UEFI, uhakikishe TPM imewashwa, uwashe Secure Boot. Ukianza na BIOS, mashine haitaona mfumo wowote wa kuanzisha na moyo wako utasimama bure. Ukirudisha mpangilio ilivyokuwa, itawaka. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, isimamishe kabla ya kugusa lolote kati ya haya, na ule ufunguo wa tarakimu 48 uwe umeandikwa kwenye karatasi. Andika kwa kalamu. Windows 11 za karibuni, ukiisakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft, hufunga diski yenyewe bila kukuuliza sana, na ufunguo unakaa kwenye akaunti hiyo. Mtu akisahau akaunti, tasnifu yake imo ndani na hakuna fundi wa Lubumbashi wala wa Kinshasa atakayeitoa.

Ukaguzi wa pili ulikubali kila kitu. Ikabaki faili yenyewe, zaidi ya gigabaiti 5. Kwa kifurushi cha simu cha mchana hiyo ni pesa, tena mtandao ukikatika kwenye gigabaiti ya nne unaanza upya. Niliipakua usiku, mtandao ukiwa na watu wachache, kwa programu inayoendelea pale ilipoishia. Nilichagua faili nzima ya ISO badala ya kuiacha Windows ijipandishe yenyewe, kwa sababu ISO inabaki. Ninayo kwenye diski ya nje, nimeitumia kwa mashine za watu wengine bila kulipia data mara ya pili. Kwa kupandisha hauhitaji hata flashi: bofya mara mbili ISO, ifunguke kama diski, endesha setup. Chagua kubaki na faili na programu zako.

Niliichaji betri mpaka ikajaa kabla ya kuanza. Kazi ilifika kwenye asilimia sitini na kitu, mashine ikiwa imejizima na kujiwasha, na umeme ukaondoka mtaa mzima. Feni ya jirani ilinyamaza, jenereta ya mbele ya barabara ikaanza kukohoa. Kioo kilipunguza mwanga kidogo, asilimia ikaenda sitini na nane, sabini, ikaendelea. Robo tatu ya betri ilifanya kazi niliyoinunulia. Kwenye kompyuta ya mezani bila kifaa cha kushikilia umeme, ningekuwa na mfumo uliovunjika katikati na siku ya kazi iliyopotea, na pengine hata data ya watu.

Lugha na kibodi vilitaka muda wao. Mashine ilitoka Uingereza, kila kitu Kiingereza, kibodi ya QWERTY. Wateja wangu wanaandika Kifaransa kwa chuo na kwa serikali, Kiswahili kwa nyumbani. Windows 11 Pro inakuruhusu kupakua Kifaransa na kukifanya lugha ya mfumo, lakini ile iitwayo Home Single Language inakufungia kwenye moja, jambo la kuuliza kabla ya kununua. Kibodi niliiwekea mpangilio wa AZERTY na kubandika vibandiko. Mimi vidole vyangu vinajua njia, lakini bila vibandiko wateja wanaopenda kujiandikia wenyewe wanatafuta A wanapata Q, na é, è, ç, à ambazo kwa AZERTY ziko kwenye mstari wa namba hawazioni kabisa. Nunua vibandiko vyenye mandharinyuma meusi yasiyopenya mwanga. Vile vya uwazi vinaacha herufi mbili zikigombana juu ya kitufe kimoja.

Habari zilienea mtaani, na Papa mmoja mwalimu wa sekondari akaniletea ya kwake, HP EliteBook 840 G3, kizazi cha 6. Alitaka Windows 11 kama yangu. Nilimweleza kwa heshima kwamba mashine yake haimo kwenye orodha, na kwamba ningeweza kuilazimisha lakini nisingelala vizuri. Mashine yenyewe ilikuwa nzima, imetunzwa, ndani ya mfuko wa kitambaa alioshonewa na mkewe. Kuitupa ingekuwa dhambi. Tulikubaliana kujaribu Linux Mint 22, mfumo mwingine badala ya Windows, iliyotoka Julai 2024 na inayohudumiwa hadi 2029, bure, bila kuuliza kizazi. Uzuri wake ni kwamba inaanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: alikaa nayo mchana mzima kibandani, akafungua maswali yake ya mtihani, akachapisha kwenye printa yangu, akasikiliza redio ya mtandaoni, ndipo akasema, "Haya mwanangu, iweke."

Sitaki kuwadanganya kuhusu Mint. Kwa Papa mwalimu inafaa kabisa, na ninaipendekeza kwa kila mwenye kizazi cha 6 au cha 7 anayeandika, kusoma na kutumia intaneti. Virusi vile vya njia za mkato vimeandikwa kwa Windows, kwake havifanyi kitu, ingawa flashi inaweza kuvibeba kuvipeleka kwa mwingine. Kwa kibanda changu haitoshi. Tasnifu inakuja kwa Word, imepangwa kwa Times New Roman, yenye jedwali la yaliyomo na maelezo ya chini ya kurasa, na ikifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia ya Mint, mistari inaweza kusogea kidogo. LibreOffice hutumia Liberation Serif mahali pa Times, herufi zenye upana uleule, na hiyo inaokoa mengi. Lakini majedwali na picha zilizofungwa kwenye aya huhama, na kurasa zikihama namba za jedwali la yaliyomo zinasema uongo mbele ya jopo. Mwanafunzi mwenye Mint ninamwambia aandike humo bila wasiwasi, kisha upangaji wa mwisho aufanye kwangu au kwa yeyote mwenye Word ileile ya msimamizi wake, na nakala ya kuchapisha aitoe kwa PDF.

Kuna wauzaji wanaoziuza hizi za kizazi cha 6 na cha 7 kwa dola mia moja na zaidi kidogo, na mwanafunzi asiye na zaidi ya hiyo asione aibu. Amwambie muuzaji bei ishuke kwa sababu Windows 11 halali haiingii, kisha aweke Mint, na pesa iliyobaki aongeze SSD kama bado ina diski ya kuzunguka. Hiyo ni kompyuta ya kumalizia masomo. Ninachokataa ni kumuuzia mashine hiyohiyo kwa bei ya kizazi cha 8 kwa sababu picha ya nyuma ya kioo ni ya Windows 11.

Yule kijana wa karibu na Posta siku hizi hunitumia picha ya ukurasa wa mfumo kabla sijatoka nyumbani, na ripoti ya betri kando yake. Ya mwisho ilikuwa i5-8365U, RAM gigabaiti 16, kibodi ya Kijerumani, betri 38,000 kwa 60,000. Kuna msichana wa mwaka wa tatu wa sheria anayenisubiri, ana dola 220 na wazazi wanaouliza maswali mengi, na ninawapenda kwa hilo. Tunakwenda Jumamosi. BIOS tutaifungua pale pale mezani, na sentensi ya akaunti ya kampuni nimeshamwandikia kwenye karatasi.